Aliyefagia kwa Jina la Anaclet

Kule mtaa wa Greyville, nyuma ya kanisa la Wakongomani ambalo zamani lilikuwa ghala la matairi, kuna chumba kimoja ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Ni chumba cha mtunza kanisa. Mwenye kazi ndiye mwenye chumba. Kazi ikimtoka, chumba nacho kinamtoka. Agathe aliishi humo na mumewe, Anaclet, tangu binti yao Carmel akiwa mgongoni, wakabaki humo hata alipoolewa huko Queensburgh, nje ya mji.

Anaclet aliwekewa mikono na wazee mbele ya watu wote, akavishwa glavu nyeupe za utumishi huo. Yeye ndiye aliyefungua milango, kupanga viti na kupokea watu Jumapili. Mkewe alifua vitambaa vya meza ya Bwana na kuoka mkate wa ushirika. Kazi ya mke haikuwa na jina. Ilimezwa ndani ya ile ya mume, kama chumvi ndani ya mboga.

Kisha kiharusi kikamwangusha Anaclet, upande wa kulia ukafa. Agathe akajua kwamba wazee wakipata habari, watatafuta mtu mwingine, nao watatolewa nje. Basi akafanya yote mwenyewe, alfajiri, kabla watu hawajafika: akafagia, akabeba viti, akapanda ngazi kubadilisha taa. Jumapili alimvisha mumewe suti, akauvuta ule mkono uliokufa mpaka ukaingia kwenye glavu, akamkalisha mlangoni. Watu walidhani magoti tu yanamsumbua.

"Papa Anaclet, siku hizi wewe ni chef, bosi kabisa," walimtania. "Unatupokea ukiwa umekaa!"

Naye alicheka kwa nusu ya mdomo. Walipomsifu jinsi sakafu inavyong'aa, Agathe alinyamaza, tena kwa furaha. Aliona ameshinda.

Aliyejua ni mmoja, Joyline, Mkenya aliyekuja kupanga maua. Alimsihi Agathe awaambie wazee mapema, mume angali hai, ili kazi ihamie kwake kwa heshima. Agathe alijibu kwamba mwanamume havuliwi glavu angali anapumua.

Anaclet alipofariki, walimsifu makaburini kwamba alitumika mpaka pumzi ya mwisho. Matanga yalipokwisha, wazee wakamwita yule mjane. Pasta Japhet alimweleza kwa upole kwamba kazi amepewa Prodige, mpwa wa mkewe, na kwamba kijana atahitaji chumba. Agathe akaomba aachiwe yeye kazi ile. Mzee mmoja akatabasamu, akamuuliza ni lini amewahi kutumika.

Hapo moyo ukamchemka.

"Tangu Anaclet aanguke," alisema. "Ni mimi nilikuwa nafagia, ni mimi nilikuwa nabeba viti. Yeye alikuwa anakaa tu, Papa Pasta. Hata vifungo vya shati nilimfunga mimi."

Pasta akavua miwani.

"Kwa hiyo mlikuwa mnatudanganya, Mama Carmel? Kila Jumapili, ndani ya nyumba ya Mungu?"

Agathe alikuwa amefikiri ukweli utampa kazi. Hakuna aliyeuliza viti vilikuwa na uzito gani. Walichoshika ni udanganyifu, na yule mzee akasema basi maneno yao ya makaburini yalimwendea mtu asiyestahili. Joyline alitaka kwenda kumtetea. Agathe akamzuia, maana kila neno la kumtetea yeye lingezidi kumzika Anaclet.

Jumapili iliyofuata, kwenye ukuta zinakotundikwa picha za watumishi waliotangulia, ile ya Anaclet, iliyowekwa baada ya maziko, haikuwepo. Msumari ulikuwa umebaki peke yake.

Sasa Agathe anaishi Queensburgh kwa Carmel, analala chumba kimoja na wajukuu. Chumba cha Greyville hakimuumi sana. Kinachomuuma ni kwamba mumewe alikufa na jina zuri, na yeye, kwa mdomo wake, ndiye aliyelivunja, wala hakupata kitu.

Carmel alimuuliza mara moja picha ya Papa imekwenda wapi. Agathe akamwambia wanapaka ukuta rangi.