Mkasi wa Si Kitu

Fundi wa visu na mikasi wa mtaa ule aliitwa Si Kitu, na jina alijitafutia mwenyewe. Ungempelekea panga butu kama ulimi wa ng'ombe, akakurudishia linanyoa ndevu, ukishukuru anakujibu, "Si kitu." Angekuvuta usigongwe na gari, jibu lingekuwa hilo hilo. Majivuno hakujaliwa, hata ya kuazima.

Mkewe, mshonaji, alikuwa na kidole gumba kilichovimba kwa kukata vitambaa. Si Kitu akamtengenezea mkasi ambao mpini wake wa juu umepinda na unazunguka kidogo, kidole kikawa kinaufuata mkono badala ya kupigana nao. Washonaji wakaugombania. Akausajilia hataza, ili mtu asiuige bila ruhusa yake. Kiwanda kimoja kikubwa cha mikasi kikauiga vivyo hivyo, kisha kikaliomba baraza la hataza liifute: eti kupinda mpini ni jambo la wazi, fundi yeyote angelifikiria. Baraza likikubali, mkasi unakuwa wa kila mtu, na mwenyewe anabaki mikono mitupu.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa kiwanda alimjia kwa maneno ya asali.

"Shikamoo, mzee wangu. Mkasi mzuri sana huu, hongera."

"Marahaba. Si kitu, mwanangu."

"Haukukusumbua kuubuni?"

"Aa, wapi! Jambo dogo tu."

Lo! Wakili wa Si Kitu mwenyewe akajishika kichwa. Maskini ya Mungu, adabu zake zimemtia kitanzini. Yule wa kiwanda akaketi, uso unamng'aa.

Mkewe uvumilivu ukamwisha. "Waheshimiwa, huyu msimsikilize! Hata nyumba ikiungua atasema ni moshi kidogo. Muulizeni tena!"

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mpole, akamgeukia fundi. "Baba, hapa hakuna anayekushukuru. Tunakuuliza. Ilikuwa rahisi?"

Si Kitu akatazama viatu vyake kwanza.

"Hapana. Ilinishinda. Nikiukaza mpini, kidole kinaumia. Nikiulegeza, makali hayakutani, kitambaa kinatafunwa tu. Na kila jioni namsikia mama watoto anavyoyameza maumivu, nami fundi mzima sina la kumpa. Nilikuwa najifungia karakanani nalia."

Baraza likatoka, likarudi. Mwenyekiti akasema kwamba kama jambo lenyewe lilikuwa wazi, kiwanda kilikuwa na miaka mingi ya kuliona na hakikuliona; kwa hiyo hataza inabaki. Washonaji waliojaa viti vya nyuma wakalipuka kwa makofi.

Mkewe hakupiga makofi. Alikuwa amemkodolea macho mumewe.

"Kumbe yale macho mekundu ulikuwa unalia?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikadhani ni cheche za jiwe la kunolea," akasema, machozi yanamchuruzika, "nikaenda kukununulia miwani!"