Noti ya Mama, Opera na Maski

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha mavazi cha jumba moja la opera hapa London, Mkuu wa Mavazi alinikuta nimelikaza gauni la mwimbaji likamkaa kama ganda la ndizi.

"Legeza kifuani," aliniambia. "Huyu haendi kupigwa picha. Pumzi ndiyo kazi yake."

Hapo nikaanza kuielewa opera. Hadithi nzima hubebwa na uimbaji, okestra ikipiga chini pale mbele ya jukwaa, na watazamaji hutulia mpaka ufike wakati wa makofi.

Taabu yangu ilikuwa Mama. Miaka kadhaa baadaye alikuja kunitembelea kutoka Mombasa, akiwa na hakika kwamba nimepotea. Kwake yeye, fundi hushona nguo za arusi na sare za shule. Kuwashonea watu wa kuigiza ni upuuzi. Nilitamani sana airidhie kazi yangu kabla hajarudi nyumbani, basi nikampeleka opera.

Mwimbaji alikuwa hodari, na gauni lake nililishona mimi. Alipofika pale pa kumlilia mumewe, Mama akaguswa. Akainuka na noti ya pauni kumi mkononi, akateremka kwa madaha kwenda kumtuza, kama tufanyavyo kwetu kwenye taarab. Mhudumu alimrudisha kitini kwa adabu, lakini alimrudisha.

"Mtu aimba vile, na hatuzwi?" aliniuliza tulipopanda basi. "Kwani hawa wamefiwa?"

Nilicheka huku moyo ukiniuma, maana noti ilirudi mkobani na kazi yangu hakuitaja hata kidogo.

Kabla hajaondoka, niliazimwa kwa kundi dogo lililokuwa linafufua maski, mchezo wa kale wa majumba ya wafalme. Maski ina nyimbo, ngoma na maneno ya kusemwa tu, ila hadithi yake ni nyembamba. Uzito uko kwenye mavazi, barakoa na sifa za mwenyeji. Nakshi za dhahabu tulizifuata Southall, mtaa wa Wahindi hapa London, kwenye maduka ya nguo za maharusi. Mwisho wake ndio unaoitenga kabisa na opera: wenye barakoa hushuka, wakawashika wageni mikono, wakacheza nao.

"Pindo liwe juu ya kifundo," alisisitiza Mwalimu wa Ngoma. "Wageni watalikanyaga."

Alasiri ya onyesho nilimleta Mama; wachezaji waliposhuka, wageni waliganda wakitazama viatu vyao. Mama alinigeukia pale pembeni nilipokuwa nimesimama na pini zangu.

"Hapa yaruhusiwa?"

"Inuka, Mama! Hapa ndiyo sheria."

Akainuka, na ukumbi mzima ukamfuata, hata mzee mmoja wa mkongojo. Ngoma ilipokwisha, Mama alilishika koti la mchezaji aliyecheza naye, kazi ya mkono wangu, akaligeuza pindo, akaukagua mshono. Kisha akanijia, akachomoa pini kwenye kimto cha pini nilichokifunga mkononi, akanibandika noti ile kifuani.

"Shona, mwanangu."

Sasa nimestaafu, niko zangu mtaani Rayners Lane, hapa hapa London. Vijana wakiniuliza tofauti, huwaambia opera inakutaka ukae usikie, maski inakutaka uinuke. Nazipenda zote mbili. Noti ile ni ya karatasi, madukani haipokelewi tena, nami sikwenda kuibadilisha. Wenzangu walisubiri kustaafu ndipo wapate kiinua mgongo. Mimi changu nilikipata mapema, na bado kina matundu ya pini.