Dishi Uani kwa Bi Tufaha

Kila alasiri, akishaswali, Bi Tufaha hutoka uani na kitambaa kilicholoa na kulipangusa dishi lake taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Akikuta kanga imeanikwa ukingoni huiondoa na kuuliza ni nani nyumba hii asiyeiona kamba. Kuku akitua juu yake hutukanwa yeye na ukoo wake.

Ni dishi kubwa la zamani. Marehemu mumewe, Mzee Humaid, alilisimika kwa saruji mwaka aliofunga duka la vitambaa, na tangu siku hiyo lilinasa chaneli za Uarabuni bila malipo. Katika chaneli zote hizo Bi Tufaha alitaka moja tu, ile inayoonyesha Msikiti wa Makka mchana na usiku, watu wakiizunguka Kaaba. Alichagua mchele mbele yake, akadarizi kofia mbele yake, na mgeni akiingia alikaribishwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna watu wengine ndani wanaoswali.

Mwezi wa pili upepo wa mvua ulilipinda dishi upande mmoja. Picha ikawa inakuja na kukatika. Mwanawe Azzam, aliyeko Dar es Salaam, akapiga simu. Alisema atagharamia yeye, iwe dishi jipya au kebo, ambayo nyaya zake zilikwisha kupita kwenye nguzo za mtaa mzima wa Gongoni. La kuchagua lipi, alimwachia Shifaa, binti wa kaka yake, mjukuu anayeishi na Bi Tufaha. "Wewe ndiye msomi wa nyumba," alimwambia, "amua kabla Ramadhani haijaingia."

Shifaa alikuwa mwalimu, lakini mwenye haya hata za kumwita muuza mkaa apitaye. Baada ya simu ile hakulala vizuri, na wala si kwa ajili ya televisheni.

Ramadhani iliyopita, jioni moja, alimkuta bibi yake sebuleni akitafuna tende. Televisheni ilikuwa ikiadhini magharibi ya Makka. Nje jua la Tabora lilikuwa bado linawaka juu ya mabati, na msikiti wa mtaani ulikuwa haujasema kitu. Shifaa alirudi nyuma bila kuonekana. Kesho yake akachungulia, akakuta vivyo hivyo, na keshokutwa pia. Mwezi wote Bi Tufaha alifungua na watu wa Makka, karibu nusu saa kabla ya watu wa mtaa wake.

Huyu ndiye aliyewafundisha nusu ya wasichana wa Gongoni nguzo za swaumu, tena kwa kiboko. Angemwambiaje kwamba funga ya mwezi mzima imeharibika? Na kama si kosa la saa tu, bali akili imeanza kumpotea, je? Maradhi ya babu Humaid yalianza hivyo hivyo: aliamka mchana akidai ni alfajiri, na baada ya hapo hakurudi tena kuwa yeye. Kila bibi alipouliza leo ni siku gani, Shifaa alihofia yameanza tena. Mwaka mzima alitunga sentensi kichwani, na zote zilimshinda mdomoni.

Sasa kebo ilimpa mlango wa kutokea. Aliuliza kwa siri, akaambiwa haina chaneli ya Makka. Pasipo adhana ya Makka, bibi angefungua kwa adhana ya msikiti, na hakuna ambaye angehitaji kusema neno. Akamwandikia ami yake: kebo.

Jibu lilipokuja kwamba sawa, hakuona nafuu yoyote. Alimtazama bibi akilipangusa dishi lililopinda, akahisi kama mtu aliyeuza nyumba ya mwenziwe bila kumwambia.

Alhamisi akaja Sadiki, fundi wa kebo, kijana wa mtaa mwenye maneno mengi, na roli la waya begani.

"Shikamoo Bibi. Nimekuja kukutoa kwenye sufuria hili. Hapa wangepika pilau la harusi nzima."

"Marahaba. Na huo waya wako, wa kufungia mbuzi?"

"Wa kukuletea dunia, Bibi. Mvua ikinyesha dishi linakuonyesha nini? Chenga tupu."

"Na jirani akikata waya unanionyesha nini? Uso wako?"

Sadiki alicheka, akaanza kupimapima ukuta kwa macho. Akauliza tundu alitoboe upande gani. Bi Tufaha alikuwa ameketi kwenye mkeka akitazama televisheni, ambako picha ilikuwa imerudi kwa muda, imekwaruzika, watu wa ihramu nyeupe wakizunguka. Hakubishana wala kulalamika, na huko kunyamaza ndiko kulikomtisha Shifaa. Bibi yake alikuwa mtu wa kubishana mpaka na bei ya chumvi.

Aliwaza: labda hata haelewi kinachoondolewa. Halafu akawaza lililo baya zaidi, kwamba anaelewa vizuri kabisa.

Keekee ya Sadiki ililia mara moja, ya kujaribu. Shifaa akamwomba asubiri kidogo barazani. Fundi akatoka akiimba chinichini. Shifaa akakaa kwenye mkeka. Sentensi zote za mwaka mzima zilimkimbia, ikabaki moja, fupi, ambayo hakuwa ameitunga.

"Bibi, ile adhana unayofungulia, unajua kwamba si ya kwetu?"

Bi Tufaha hakugeuka kumtazama. Aliunyoosha mguu mmoja, akalisugua goti.

"Najua," alisema. "Mimi sifungi, mama. Sukari. Daktari alinikataza mwaka juzi, na fidia ya kulisha maskini natoa. Mchana nakula chumbani peke yangu, mlango nimeufunga, kama mwizi. Kwenye futari yenu mtaniambia funga njema, nami nitawajibu nini? Wale wa Makka hawaniulizi. Basi tende yangu nala nao. Mwambie Azzam dishi."