Nyaya za Rangi Tatu

Mauza Azzan alizaliwa Mtaa wa Likoma, Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la baba yake, na alipofikisha miaka thelathini na tisa alikuwa bado anashuka ngazi zilezile kwenda kufungua duka hilohilo. Baba yake aliuza redio. Yeye anauza ving'amuzi, madishi, rimoti na nyaya. Mafundi wa Ilala na Buguruni wakikwama humpigia simu yeye, kwa sababu ana subira ya kueleza jambo mara tatu bila kupandisha sauti. Subira hiyo ndiyo iliyowafanya watu wamwamini. Mtu akishakueleza vizuri mambo tisa, la kumi humhoji.

Ukutani, nyuma ya kaunta, alikuwa na TV mbili zinazolingana, zimekaa bega kwa bega kwenye ubao unaoficha nyaya, na chini yake ving'amuzi viwili vya kurekodi. Kimoja kilikuwa cheusi, kizito, chenye diski yake ndani. Hicho kinarekodi chaneli mbili huku wewe unatazama ya tatu. Kingine kidogo, cha kijivu, hakina diski. Unachomeka flashi, kinarekodi chaneli moja kwa wakati. Vyote viwili vinatoa picha ya HD, na picha zao hazipitani. Ila cheusi bei yake ilikuwa karibu mara mbili.

Mwanzoni Mauza hakukusudia kumdanganya mtu. Kila king'amuzi kilikuwa na waya wake wa HDMI, ule mmoja mnene unaopitisha picha safi. Siku moja waya wa kile cha kijivu ulikatika shingoni. Duka lilikuwa limejaa, kwa hiyo akavuta nyaya za zamani za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, akaunganisha nazo ili TV isikae giza. Picha ikaja, lakini dhaifu, nyuso za watu kama zimepitishwa kitambaa chenye maji. Nyaya za aina hiyo hazipitishi HD. Alipanga kubadilisha kabla ya kufunga. Kabla ya kufunga, wateja wanne walisimama mbele ya zile TV, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, na wote wanne wakanunua cheusi. Hakuna aliyeuliza nyuma ya ubao kuna waya gani.

Waya mpya ulikuwepo, pakiti nzima, hatua mbili kutoka aliposimama. Kesho yake hakuubadilisha. Wiki ikapita. Akajiambia kwamba hakuna neno la uongo lililomtoka mdomoni, na kweli halikuwa limemtoka. Mambo yakaendelea hivyo miezi mitano.

Mwezi wa sita akaja mama mmoja anaitwa Evarista, mzaliwa wa Masasi, mshonaji wa sare za shule kule Ilala. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu. Mauza alimpa shikamoo, akampa kiti, na mama akaeleza shida yake bila kuzunguka. Mume wake, Benjamini, alikuwa dereva wa winchi bandarini mpaka alipostaafu. Sasa ana kisukari, na dawa anazokunywa humlaza mapema, mechi ikianza yeye yuko usingizini. Asubuhi huamka kabla ya jogoo, hana cha kutazama, anangoja majirani wamsimulie magoli. Evarista alitaka mashine itakayomwekea mechi mpaka aamke.

"Na macho yake yanafifia," akasema. "Nataka picha ambayo hatakaza macho."

Maswali yake alikuwa ameyaandika nyuma ya kadi ya kliniki, na aliyasoma moja baada ya jingine. Umeme ukikatika katikati ya mechi, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki? Mauza akamwambia kinabaki, mpaka pale ulipokatikia. Kifurushi kikiisha, mechi zilizohifadhiwa zitaonekana? Hazitaonekana mpaka alipie tena. Dishi lake la zamani linafaa? Kwa kijivu linafaa kama lilivyo; kwa cheusi lazima kichwa cha dishi kibadilishwe na waya wa pili upitishwe. Mauza alijibu yote kwa haki. Alikwenda mbali zaidi, akasema kile kidogo kinamtosha kabisa mzee mmoja anayetazama mpira.

Evarista akakunja kadi yake, akasimama katikati ya zile TV mbili. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hiki cha bei nafuu kina ukungu," akasema.

Mauza alikuwa ameegemea rafu ya nyaya. Angeweza kunyoosha mkono tu. Badala yake akasema, "Macho ni yako, mama."

Baada ya wiki tatu Evarista alirudi na fedha kamili. Alikuwa na furaha, na kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja, maana meno ya mbele ya juu hakuwa nayo. Akasimulia kwamba zamu yake ya upatu ilikuwa imepangiwa meno ya bandia, lakini ameona meno yasubiri, kwani mzee hatazami mpira kwa meno ya mkewe. Mauza alicheka naye. Alimfungia cheusi kwenye boksi lake na kamba.

Mrisho, fundi wa duka, alikwenda Ilala siku iliyofuata asubuhi. Akapanda juu ya bati, akabadilisha kichwa cha dishi, akateremsha waya wa pili mpaka dirishani, na kabla hajaingia ndani akapigiwa simu ya msiba, akaondoka kwenda Mkuranga. Ndiyo maana mchana Mauza alifunga duka, akaenda mwenyewe kumalizia kazi.

Nyumba ilikuwa Mtaa wa Lindi, ya wapangaji, vyumba vyao viwili vya mbele. Mzee Benjamini alikuwa amekaa kwenye kochi, amevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayengoja wageni. Mbele yake, juu ya meza, ilikuwa TV ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mauza alijua kabla hajafika karibu. Hata hivyo alichutama nyuma yake, akapapasa kwa vidole. Tundu la HDMI halikuwepo. Yalikuwepo matundu matatu tu, jekundu, jeupe na la njano. TV ile haikuwa na uwezo wa kuonyesha HD hata kama ungeifungia king'amuzi cha bei gani. Mama wa watu alikuwa amenunua picha ambayo nyumbani kwake haina mahali pa kutokea.

Alikaa pale nyuma kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Swali la kwanza ambalo fundi yeyote huuliza ni nyumbani una TV gani. Yeye aliwahi kuliuliza kila siku. Tangu waya ule ulipokatika aliacha kuliuliza, na sasa, amechutama kwenye vumbi, alielewa kwamba hakuacha kwa kusahau.

Evarista alikuwa jikoni, mzee yupo hatua moja. Ilikuwa saa ya kusema. Mauza akafungua mkoba, akatoa nyaya za rangi tatu, akaunganisha.

Picha ikaja. Akamfundisha mzee rimoti: kitufe chekundu cha kurekodi, orodha ya vilivyohifadhiwa, namna ya kusimamisha mchezo akitaka kwenda msalani. Mzee alishika haraka, vidole vyake vilikuwa bado na adabu ya mtu wa mitambo. Evarista akaja na bilauri za maji ya ukwaju, akasimama nyuma ya kochi.

"Baba, unaiona tofauti?"

Mzee alisogeza uso mbele kidogo. "Naiona," akasema. "Hata majani ya uwanja nayaona."

Mauza alikunywa ukwaju wake wote kwa mara moja, akaaga.

Dukani, kabla hata hajavua viatu vya kutembelea, alipanda kwenye stuli, akang'oa nyaya za rangi tatu kwenye kijivu, akaweka waya mpya. Kazi ile haikufika dakika moja. TV mbili zikawa pacha. Kuanzia siku hiyo wateja walitazama kushoto, wakatazama kulia, wakauliza mbona ni sawa, naye akawajibu kwamba ni sawa. Wengi walichukua kijivu. Alidhani moyo ungetulia. Haukutulia. Akiwa kwenye swala ile sentensi ilimjia: macho ni yako, mama. Mdogo wake wa kike, Anfal, alipomwuliza mbona halali vizuri, alimsimulia yote, na Anfal akasema hakuna duka Kariakoo lisilo na ujanja wake. Mauza alitaka sana kukubaliana naye, akashindwa.

Siku ya kumi alikodi bajaji, akapakia TV bapa iliyotumika kidogo, iliyo nzima, na bahasha yenye tofauti ya bei kati ya cheusi na kijivu. Alimkuta Evarista kibarazani, anakata vitambaa vya sare. Mauza alitoa shikamoo, akakataa kiti. Akaeleza akiwa amesimama: waya uliokatika, miezi mitano, ubao unaoficha nyuma, na TV ya kichogo aliyoiona akanyamaza. Hakujitetea. Alipomaliza, mkasi wa Evarista ulikuwa umesimama katikati ya kitambaa.

"Nilijua," Evarista akasema. "Macho yangu mimi ni mazima. Ulipoondoka tu nikakaa pale nikatazama, picha ni ileile ya jana yake."

"Mbona hukuja, mama?"

"Nije nifanye nini? Mzee ameshasema anaona majani."

Akaweka mkasi chini. Kisha akaongea taratibu, kwa sauti ya chini, asisikike ndani. Mumewe anajua habari ya meno. Huenda anaona majani kweli, kwa kuwa anataka kuyaona. Huenda haoni kitu, anasema tu ili yeye asijute. Hajamwuliza na hatamwuliza. Akiwekewa ile TV bapa leo, atalazimika kutazama picha safi kwelikweli, na kama macho yake hayaioni, watajua wote wawili kwa pamoja, mchana kweupe. Hilo hakulitaka.

"Kwa hiyo, hiyo TV rudi nayo," akasema. "Bahasha nipe. Hiyo ni haki yangu."

Mauza akampa kwa mikono miwili. Akaanza kuomba msamaha, Evarista akamkata.

"Ungeniuliza tu, mama, nyumbani una TV gani. Neno moja. Mimi ningekujibu."

Machozi yalimjia Mauza, akayazuia, kwa sababu aliona kulia pale kungekuwa kumtwisha mama kazi ya kumbembeleza.

Sauti ya mzee ikatoka ndani, akiuliza kama aliyekuja ni yule fundi wa kike. Evarista akamtazama Mauza usoni, kisha akaitikia kwamba ndiye, na akamwashiria aingie. Mzee alifurahi. King'amuzi kilikuwa kimemwandikia kwamba diski imejaa, na hakujua afanye nini, kwa kuwa alirekodi kila kitu: mechi, marudio ya mechi, vipindi vya watu wanaobishana juu ya mechi. Mauza akakaa chini kwenye mkeka, akashika rimoti. Alikuwa anataka kuondoka haraka iwezekanavyo. Lakini mzee hakukubali kitu kifutwe kabla hajakieleza. Hii iache, penalti yake ilikuwa ya uonevu. Hii futa, tulifungwa. Hii usiifute, kipa wao anatoka Newala, babu yake namfahamu. Walikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Mauza hakuutazama uso wa mzee, wala hakumwuliza anaona nini. Alifuta alipoambiwa afute.

Alipotoka, Evarista alikuwa amerudi kwenye mkasi wake. Alimwambia kwa heri, bila tabasamu, na Mauza akaona hiyo ni haki pia.

Meno Evarista aliyaweka mwezi wa nane; Mrisho ndiye aliyeleta habari hiyo dukani, baada ya kwenda kukaza dishi lililolegezwa na upepo. Mauza hakutumiwa salamu, na hakuuliza kama ametumiwa.

Lakini katika miezi ile mitano alikuwa ameuza ving'amuzi vyeusi zaidi ya arobaini, na risiti zilikuwa na bei bila majina. Alikata ubavu wa boksi, akaandika kwa kalamu nene kwamba aliyenunua king'amuzi cheusi dukani hapo kati ya Januari na Juni arudi wazungumze, ana haki yake. Akautundika mlangoni, juu ya kufuli. Majirani walimcheka, mmoja akamwambia anajifukuzia wateja.

Waliokuja ni wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa Gongo la Mboto ambaye kwao kuna TV bapa ya kisasa, picha anaipata safi, na alikuja kwa kudhani kuna zawadi. Mauza alimweleza ukweli hata hivyo, akamrudishia tofauti. Wa pili alikuwa mama wa Kigamboni, mwenye TV ya kichogo. Huyo alisikiliza mpaka mwisho, akachukua fedha zake, akamtazama Mauza kama anayekariri sura, akatoka bila kuaga. Wengine hawakuja. Boksi limeshapauka kwa jua, maandishi yanasomeka kwa shida, na Mauza hajaliondoa.