Begi la Midomo Miwili

Kwa mjomba baiskeli hukaa miguu juu. Ukiingia tu uani kwake, hapa Mwananyamala, unakutana na magurudumu yanatazama mawingu, siti zimekalishwa chini juu ya gunia na hendeli zimelala vumbini. Mafundi wote ninaowajua wanafanya kazi hivyo, kwa hiyo sijawahi kuona ajabu. Nimekulia nyumba ya pili kutoka hapo, nimeziona baiskeli zimegeuzwa tangu sijajua kutembea. Labda ndiyo maana kosa lile nililifanya mie na si mtu mwingine.

Mjomba ni kaka yake mama. Wengine wanaziba pancha na kukaza breki, yeye anatengeneza fremu yenyewe, kuanzia bomba tupu. Anakupima mguu, mkono na mgongo, anakuuliza unapita njia gani na unabeba nini, halafu anakata mabomba na kuyachomelea kwa kipimo chako. Ukishaipanda baiskeli yake, ya kwako ya zamani unaiona kama kiatu cha kuazima.

Mama anashona sare za shule. Cherehani yake ndiyo iliyonifundisha, nikitoka shule, kabla sijashika daftari. Mwanzoni nilikuwa nashonaga vimfuko vya kalamu. Kisha siku moja nikaona kwenye simu begi la pembetatu, lile linalofungwa katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, likakaa kati ya magoti ya mwendeshaji. Nikalitazama mpaka simu ikaisha chaji. Kesho yake nikaomba kipande cha turubai kuukuu la lori kwa jirani, nikaanza.

Nisidanganye, ishu yangu haikuwa kushona. Ishu yangu ni kuongea. Mteja akiingia uani mie naingia ndani. Darasani najua jibu lakini nasubiri mwingine alitoe, nibaki kujisifu kimoyomoyo. Binamu yangu, mtoto mkubwa wa mjomba anayepaka rangi fremu, ananiita Bubu, na nimelizoea jina hilo hadi naitika. Kwa kichwa, lakini naitika.

Wakati ule mjomba alikuwa ananunua mabegi Kariakoo, anayatundika kwenye msumari na kuyauza pamoja na fremu. Hayakuwahi kukaa sawa. Yangekaaje, wakati fremu zake hazifanani hata mbili? Mie nilitaka kila fremu inayotoka pale itoke na begi langu. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikuweza kumwambia. Mama ndiye aliyeniombea. Mjomba akaniita, akaniambia atanipa nafasi kwa begi moja.

"Fremu ikitoka hapa ni mie nimetoka," alisema. "Begi likirudi na malalamiko, basi, utarudi kwenye sare na mama yako."

Nikaitika kwa kichwa.

Mteja alikuwa dada mmoja wa Kinyerezi, mpiga picha za harusi. Ni mfupi kuliko mie, na mie wa mstari wa mbele tangu chekechea. Alisema maisha yake yote ameendesha baiskeli za watu wengine, vidole vya miguu vinazitafuta pedeli kama mtu anayetafuta ndara gizani. Alitaka fremu yake, na katikati yake begi la kuwekea kamera, maana begi la mgongoni linamtoa jasho na anafika harusini gauni limelowa. Kamera ndiyo kazi yake yote. Mjomba akamwambia asiwe na wasiwasi. Mie nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nasikiliza.

Nilipima, nikakata gazeti, nikalijaribisha kwenye fremu, nikakata turubai. Zipu nikaiweka sambamba na bomba la juu. Kilichobaki ni ulimi wa kufunika zipu, maana zipu peke yake haizuii mvua. Hapo nikalifunga begi kwenye fremu, nikachora kwa chaki namna ulimi utakavyoanguka, nikaushona. Nikachukua kopo, nikalimwagia maji kutoka juu. Ndani pakavu. Nikamwaga tena. Pakavu. Nilicheka peke yangu pale uani.

Jumamosi ya kuja kuchukua, binamu akaipangusa baiskeli, akaikamata hendeli na siti, akaigeuza ikasimama kwa magurudumu yake. Rangi ya kijani iliyoiva, inang'aa. Akaitazama. Akanitazama mie. Akachuchumaa akaitazama tena.

"Bubu," aliniita taratibu, "hili ni begi au kisima?"

Ulimi ulikuwa umefunguka kuelekea juu. Muda wote nilipima, nikashona na kumwaga maji baiskeli ikiwa miguu juu. Lilikuwa begi zuri sana la mtu anayeendesha kwa kichwa. Ilipogeuzwa, ulimi ukawa mfuko wa kupokea mvua na kuipeleka moja kwa moja kwenye zipu, na nyuma ya zipu kwenye kamera.

Mjomba alikuja akaliona. Hakucheka wala hakufoka. Alisema tu lifunguliwe, dada atapewa moja la Kariakoo, kisha akageukia msumarini kulichagua. Nikauona mkono wake unanyanyuka. Kama ningeitika kwa kichwa wakati ule, asingeona, maana alikuwa amenipa mgongo.

"Mjomba, naomba unipe mpaka adhuhuri."

Binamu aliacha kucheka. Mjomba akageuka polepole kuangalia nani ameongea.

"Adhuhuri ikiadhiniwa hujamaliza?"

"Mpe la Kariakoo."

Akaushusha mkono.

Nilikimbilia kwa mama na begi mkononi. Nilikuwa nimepanga kuufumua ule ulimi na kuushona upande wa pili, basi. Mama akanitoa mkasi mkononi. "Turubai si kitambaa cha sare, mwanangu," alisema. "Kitambaa kinasahau sindano. Hili ukilifumua unaacha chujio." Alisema kweli. Kila tundu la sindano lingebaki wazi, mstari mzima wa matundu, na kukata turubai jipya hakukuwa na muda.

Nikarudi uani nikalifunga lile begi kwenye baiskeli, safari hii imesimama kama inavyotakiwa na Mungu. Nikachuchumaa mbele yake. Jirani yake kulikuwa na baiskeli ya muuza mkate iliyoletwa kurekebishwa, chafu, nayo imesimama. Nikawa naitazama tu, akili imeganda. Halafu nikaona matope. Hayakuwa juu ya fremu. Yalikuwa chini, upande wa tumbo, yamepanda kutoka gurudumu la mbele, yamegandia bomba la chini na kupanda mpaka pale ambapo begi lingekaa. Huku kwetu, mvua ikinyesha, maji hayaji kutoka juu peke yake. Barabara nayo inanyesha.

Kumbe ule ulimi wangu wa kosa ulikuwa unayazuia maji yanayorushwa kutoka chini. Ulihitaji mwenzake tu. Nikakata ulimi wa pili, mpana, nikaushona juu ya zipu uanguke chini na kuufunika ule wa kwanza, kama mdomo wa juu unavyoufunika wa chini ukiubana. Cherehani ilikuwa inalia. Sindano ikavunjika, mama akaweka nyingine, akasimama nyuma yangu akinivutia turubai ili lisikunjamane.

Dada mpiga picha alifika kabla ya adhana. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anakunywa maji, macho kwenye baiskeli yake. Nikamwamkia nikiangalia chini, nikaanza kufunga mikanda. Akauliza kwa nini begi lina midomo miwili. Binamu akadakia kwamba aliyelishona hana hata mmoja, kwa hiyo amejitengenezea akiba. Wote wakacheka, na mie nikacheka. Utani wenyewe ulikuwa wa kweli.

Kisha dada akaacha kucheka, akaniuliza mie mwenyewe, si mjomba, kama kamera yake itakuwa salama.

"Nililishona baiskeli ikiwa kichwa chini, nikakosea," nilimwambia. Nikabana mkanda wa mwisho. "Nimerekebisha. Lakini usiniamini. Limwagie maji, juu na chini."

Akaletewa ndoo. Alimwaga yeye, kama mtu anayeoga, kisha akachota kwa kiganja akarusha kutoka chini. Akafungua zipu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akachukua kamera mgongoni, akaiweka ndani, akapanda. Miguu ikafika kwenye pedeli. Aliposhika barabara alipiga kengele mpaka anakata kona, na mjomba alikuwa anamtazama kama mzazi siku ya mahafali.

Lakini ndoo si mvua. Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile isiyopumua, mifereji ikajaa, watoto wakaanza kuogelea kwenye njia ya nyumbani kwetu. Nilijua dada ana harusi Kawe siku ile. Mama aliniambia niache kufungua mlango kila saa, mvua haiishi kwa kutazamwa. Sikula vizuri. Niliiwazia ile kamera kama vile ni mtoto nimemwazimisha mtu.

Kesho yake akaja. Baiskeli ya kijani ilikuwa ya udongo, mpaka kwenye siti. Binamu alimwona kwanza. "Begi limerudi," alisema, na safari hii hakuniita Bubu. Mjomba alizima mashine ya kuchomelea, akavua miwani. Akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kuingia ndani, mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Sikuingia.

Dada aliisimamisha baiskeli mbele yangu, akaniambia nifungue. Matope yalikuwa yamekauka juu ya midomo yote miwili, ikabidi niyabandue kwa kucha. Nikavuta zipu, nikaingiza mkono. Nilipoutoa, vidole vilikuwa vyeupe. Ilikuwa vumbi la ile chaki niliyochorea, limeingilia kwenye zipu na kubaki kwenye kona ya ndani, bado unga. Hata kushikana halijashikana.

Alituhadithia kwamba kuelekea Kawe alitumbukia kwenye dimbwi, maji yakafika kwenye pedeli, akasukuma baiskeli huku anaiombea kamera dua zote anazozijua. Akatuonyesha picha. Bi harusi amenyanyua gauni, anaruka maji, anacheka mpaka jino la mwisho. Nimeiona picha hiyo mara nyingi sasa, kila nikiiona nasema moyoni, hii nimeishona mie.

Alikuwa amekuja kutaka begi lingine, dogo, la nyuma ya siti. Mjomba akaenda msumarini, akayashusha yale mabegi ya Kariakoo yote, akamtupia binamu aweke spana zake. Kisha akarudi kwenye bomba lake, akavaa miwani, akawasha mashine. Ndilo jibu alilonipa, na lilinitosha.

Wiki ile ile wakaja wenzake dada, watatu, wanaoendesha naye Jumapili. Binamu, kwa mazoea, akaanza kuzigeuza baiskeli zao miguu juu. Mjomba akaulizwa begi linachukua siku ngapi na linapimwaje. Akasema yeye ni fundi wa fremu, akainama. Wakabaki wanazungusha macho uani kumtafuta fundi wa mabegi, mtu mzima fulani nadhani, mwenye ndevu.

Nikaivaa futi ya kupimia shingoni.

"Braza, usizigeuze," nilimwambia binamu. Nikamgeukia yule wa mbele, kaka mrefu mwenye miwani. "Isimamishe hapa. Panda ukae kama unaendesha, nikupime."

Akapanda.