Siku Timu Yangu ya Besiboli Ilipoinamisha Vichwa

Niliwaona kwa macho yangu watu kumi na wanne wakiinua mikono ili nitolewe katika kikosi cha timu niliyoiasisi mwenyewe, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba mwenzake ameinua.

Mimi peke yangu ndiye niliyeona.

Wao walikuwa wamefumba macho.

Jina langu ni Chengo. Nilisoma shule ya bweni huko bara, upande wa Vitengeni. Shule ile ilitufundisha kuamka kabla ya jogoo, kunyoosha suruali kwa kuilaza chini ya godoro, na kusema kweli hata pale uongo ungekuokoa na kiboko. Nilikuwa kiranja mkuu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Huko ndiko tulikojifunza besiboli. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani alikuja na magongo mawili na gunia la glovu. Alipoondoka, alituachia mchezo wake.

Tulipokwisha kuwa watu wazima, wenye kazi na vipara, nikawakusanya wenzangu hapa Malindi tukaunda timu. Watu wakipita uwanjani huuliza, "Hiyo ni kriketi?" Tukisema siyo, hucheka. "Basi ni kriketi ya walevi."

Mimi nilikuwa nikilinda kituo cha kwanza. Mpigaji akiubamiza mpira chini, hukimbilia kwangu. Mwenzangu huuokota na kunirushia. Ukiingia glovuni mwangu kabla mguu wake haujakanyaga kituo, ametoka. Kazi yenyewe ni kujinyoosha, mguu mmoja kituoni, mkono mbele kadiri mwili utakavyokubali.

Mke wangu Gladys alikuwa akija kutazama. Kanuni hakuzijua, na hakutaka kuzijua. Alitazama goti langu tu.

"Chengo," aliniambia msimu uliopita, tukirudi nyumbani, "goti lako linalia kabla yako."

Nilimwambia goti ni langu.

Alifariki wakati wa mvua za masika.

Tangu hapo, chakula ni chakula tu, na kiti ni cha kukalia tu. Watu walikuja kunipa pole, nikawashukuru, wakaenda. Sikulia. Sikukataa kulia, ila chozi halikuja. Nilibaki na kitu kimoja ambacho nikikisimamia bado nilikuwa mtu: kituo cha kwanza.

Sasa nirudi kwenye kisa.

Waandalizi wa mashindano ya Kilifi walituambia kikosi kisizidi wachezaji kumi na wanne. Sisi tulikuwa kumi na watano.

Mmoja alilazimika kubaki nyumbani.

Tulikutana Jumapili, baada ya watu wa kanisani kutoka na kabla ya Alasiri, katika darasa la shule ya msingi tuliloazimwa. Wanaume wazima tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mimi nilisimama mbele na chaki.

"Tuzungumze kwa hoja," niliwaambia. "Hatumpimi mtu kwa mapenzi. Tunapima thamani yake kwa timu."

Niliandika jina la kwanza ubaoni: Mwambire.

Mwambire ni mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira wa mrushaji. Ni mwalimu wa jiografia, mtu wa maneno machache. Shuleni tulilala kitanda cha juu na cha chini, yeye juu, mimi chini.

"Mwambire hakimbii," alisema Mahir. Mahir ndiye mdogo wetu, alimaliza shule miaka mingi baada yetu, na mdomo wake haujui foleni. "Mwambire akipiga mpira hadi baharini, atafika kituo cha kwanza na kuomba maji."

Darasa likacheka. Mwambire naye akacheka.

"Lakini akitoka yeye, nani atadaka?" akauliza Omar. Omar ni mtu wa Shella, sahibu yangu tangu kidato cha kwanza. "Wewe Mahir? Wewe mpira ukija unafumba macho kama bibi harusi."

"Nafumba moja tu, shekhe."

Niliandika jina la pili: Karisa.

Karisa ni mrushaji wa mkono wa kushoto. Wapigaji wengi hawajazoea mpira unaotoka upande ule. Ila akishawarushia watatu au wanne, mkono humlegea.

"Mtu wa kazi ndogo hivyo anastahili nafasi nzima?" niliuliza.

"Kapteni, pilipili nayo ni kidogo," akajibu Karisa. "Jaribu kupika bila."

Omar akasimama, kichwa nusura kigonge taa. "Yakhe, mimi nasema hivi. Timu haiendi mashindanoni na wachezaji tisa hodari na benchi la mapambo. Tunataka kikosi kipana. Mtazameni Nicholas. Analinda kituo cha tatu, analinda nyuma, na kituo cha kwanza vilevile anakiweza. Yule ni wachezaji watatu kwa sahani moja ya wali."

Nicholas akainamisha macho. Ni kijana wa watu mpole, fundi wa majokofu, mrefu kama mnazi.

"Kwa hiyo Nicholas haguswi," nikasema. "Tunao wawili ubaoni."

Hapo Mahir akaropoka.

"Kapteni, mbona ubao una majina ya wengine tu?"

Omar akamgeukia kwa jicho kali.

Ningeweza kumnyamazisha. Zamani ningemtuma akafagie bwalo. Badala yake niliugeukia ubao na kuandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, jina la tatu: Chengo.

Niliandika kwa sababu haki ni haki. Niliandika pia kwa sababu nilikuwa na hakika.

"Vichwa chini," nikasema.

Wasiosoma shule yetu hawaujui utaratibu huu, basi nieleze. Kwetu kura haipigwi kwa karatasi. Kila mtu huweka paji la uso juu ya dawati na kufumba macho. Msimamizi husoma majina, nawe huinua mkono mara moja, kwa jina moja. Kutoinua kabisa hakuruhusiwi. Kwetu tulisema mkono usioinuka ni mkono wa mwoga.

Msimamizi peke yake ndiye anayeona. Yeye hapigi kura. Hutangaza jina, hatangazi mikono. Aliyoyaona huzikwa naye.

Nilikuwa msimamizi wa kura ile shuleni. Sijawahi kuvunja siri yake, na hata niliyoyaandika hapo juu nimeyaandika baada ya wote kuniruhusu.

"Nani abaki?" niliuliza. "Mwambire."

Hakuna mkono.

Nilisubiri. Nje kuku alikuwa akiparua majani makavu.

"Karisa."

Hakuna mkono.

Nilielewa kabla sijasoma jina la tatu. Mwili ulielewa, ndiyo maana sauti ilitoka vilevile, kama ya mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine.

"Chengo."

Mikono ikainuka.

Wa Mahir ulitangulia. Ukafuata wa Karisa, kisha wa Nicholas, taratibu, kama mtu aombaye ruhusa ya kwenda msalani. Wa Mwambire ulinyooka wima. Wa Omar ulikuja karibu mwisho. Saa yake niliitambua, maana ni mimi niliyemnunulia alipooa.

Madawati yote. Mikono yote.

Sikuhisi kitu. Niliona kwamba mchoro wa mifupa ya mwanadamu uliobandikwa ukutani umepinda upande mmoja. Nikaenda nikaunyoosha.

"Vichwa juu," nikasema. "Anabaki Chengo."

Wakanitazama kama niliyetukana.

"Acha mzaha, Kapteni," akasema Karisa.

"Hesabu tena," akasema Omar.

"Nimehesabu."

"Haiwezekani! Yakhe, haiwezekani hata kidogo!"

Nilimtazama yeye na saa yake. Kila mmoja alikuwa akishangaa kwa dhati, si kwa unafiki. Miaka yote niliyosimama mbele ya wavulana imenifundisha kutofautisha. Sikuelewa, wala kanuni hainipi ruhusa ya kuuliza.

Karisa akainuka, akaja mbele, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Umejitoa kwa ajili yetu," akasema.

"Sikujitoa. Nilitolewa."

"Mnamsikia?" akawageukia wenzake. "Hata kusifiwa hataki!"

Wakapiga makofi.

Hivyo ndivyo nilivyosema kweli mbele ya watu wote, na watu wote wakaiita unyenyekevu.

Jumamosi nilikwenda Kilifi kama mtazamaji. Nilikaa kwenye ngazi za saruji, mahali pembeni, na upande wangu wa kulia niliacha nafasi bila kujua ninamwachia nani.

Nicholas alilinda kituo cha kwanza.

Awamu ya mwisho tulikuwa mbele kwa bao moja tu, na wapinzani walikuwa na mkimbiaji kituo cha tatu, hatua chache kutoka kituo cha nyumbani, ambako angepata bao. Walibakiza mtu mmoja wa kutolewa. Mpigaji wao akaubamiza mpira chini, Omar akaudaka kwa taabu, akaurusha huku akianguka.

Ulikuwa mrusho mbaya. Ulikuja chini, ukavutia nje.

Nicholas akajinyoosha. Mguu ulibaki kituoni, na mwili wake mrefu ukalala karibu sambamba na mchanga. Mpira ukaingia kwenye ncha ya glovu.

Ametoka. Tumeshinda.

Nilipiga makofi. Nilijua, kama mtu ajuavyo jina lake, kwamba mpira ule kwangu ungepita. Lilikuwa jambo la kweli tu. Halikuniuma wala halikunifurahisha.

Walikuja mbio hadi kwenye ngazi wakaniinua juu, mimi, si Nicholas. "Kapteni! Kapteni!" Kutoka huko juu niliona paa za mabati za Kilifi. Nikawaomba wanishushe.

Wakati wengine wakinywa madafu, Omar alinivuta hadi kwenye mfereji wa maji.

"Chengo, nina jambo. Unisamehe."

"Sema."

"Siku ile mkono wangu niliuinua kwako."

Nilifungua mfereji nikanawa mikono. Kanuni ni kanuni.

"Nilidhani niko peke yangu, wallahi! Mwambire ningemwinuliaje mkono, mtu aliyeniuguza malaria bwenini? Na Karisa mkewe ni jirani yetu, kila Idi sahani zinavuka ua. Nikasema, mkono wangu niutupe pasipoumiza mtu. Wewe ni Kapteni. Nani atakutoa wewe?"

Kabla hatujaondoka Kilifi, Karisa alinijia na maneno hayo hayo. Kisha Nicholas, akitazama viatu vyake. Kisha wengine, hata Mahir. "Mimi nilishakuudhi, Kapteni, basi nikasema nimalizie. Sikujua kutakuwa na hata wa pili."

Kila mtu alikuwa ameona haya kumuumiza mwenzake. Kila mtu akautupa mkono wake mahali alipodhani hautakuwa na uzito. Wakanitoa kwa sababu walikuwa na hakika kwamba sitoki.

Nilikaa na jambo lile. Lilikuwa kosa basi. Adabu yetu sisi ilikosea hesabu. Ningeweza kuitisha kura nyingine, na kituo cha kwanza kingerudi kuwa changu.

Nikamwendea Mwambire. Alikuwa ameketi peke yake, akifungua vikinga vya miguu.

"Na wewe mkono wako uliutupa?" nikamuuliza. Nilitaka kusikia ndiyo, nikafunge shauri.

Akafungua mkanda wa pili kwanza.

"La. Sikuutupa."

Nikaketi kando yake.

"Uwanjani kila mtu anamtazama mpigaji, Chengo. Mdakaji ndiye pekee anayewatazama ninyi usoni. Mimi nimekutazama msimu mzima. Goti lako limekwisha. Mipira mitano ya wazi imekupita, na watu wakamlaumu aliyekurushia kwa sababu wewe ni wewe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekasirika, na jina langu lingekuwa peke yake ubaoni."

Nikaihesabu moyoni mipira ile. Ilikuwa mitano.

"Na si goti tu," akaendelea kwa sauti ya chini. "Tangu msiba wa Gladys, mpira ukipita huugeukii hata kuutazama. Unasimama tu pale. Kituo hakikuponyi, ndugu yangu. Umejificha hapo."

Akanikabidhi kinyago chake cha chuma nimshikie, akaendelea kufungua mikanda. Nikakishika. Kilikuwa bado cha moto kwa jua na jasho lake.

Sikuitisha kura nyingine.

Mwezi uliofuata tulikutana tena kwenye darasa lile kumchagua nahodha mpya mahali pangu. Nilimpa Mwambire chaki, nami nikajibana kwenye dawati la mtoto na kuweka paji la uso juu ya mbao.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu ujana. Nilisikia mikono ya mashati ikichakarika pande zote, sikujua ni ya nani wala kwa jina la nani. Dawati lilinukia penseli. Nilibaki vile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hata Mwambire aliposema vichwa juu, na hakuna aliyenihimiza. Nilipoinua kichwa, mbao ilikuwa na alama ya maji, ndogo tu. Nikaifuta kwa kiganja.

Wewe unayesoma, ukiwa na cheo popote, pokea hili kutoka kwa kiranja mkuu wa zamani: watu wakikuinamishia vichwa, usidhani umekwisha kujua thamani yako kwao. Mtafute yule mmoja ambaye mkono wake haukutupwa ovyo. Mkalishe karibu, na akuambie mapema, kabla hujamlazimisha kufumba macho ndipo aseme.