Bwana wa Bibi Sukuma

Siku ya Jumapili, tarehe 19 Juni 1988, saa tisa alasiri, tulikuwa watu kumi katika sebule ya Bibi Sukuma: wanachama saba wa chama chetu cha wasikilizaji wa jazi, mwenye nyumba mwenyewe, mke wa mwanawe, na jirani mmoja aliyekuja kurudisha ngazi, akaona viti vimepangwa, naye asitake kupitwa. Viti havikutosha. Jirani aliilaza ngazi ukutani, akaikalia.

Jambo lililotuleta lilikuwa moja. Tulitakiwa kumsikiliza mwimbaji mmoja, kisha tuamue kama anaimba jazi au haimbi. Ikiwa anaimba, Bibi Sukuma angepewa kiti cha kudumu katika chama. Ikiwa haimbi, angetuachia Jumapili zetu. Masharti hayo yalitolewa na mwenyekiti wetu, karani wa mahakama mstaafu, na Bibi Sukuma aliyakubali mbele ya wanachama wote kwa kumpa mkono.

Jina la Sukuma alipewa na wazazi aliowahudumia. Alikuwa mkunga katika hospitali yetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na amri yake hiyo moja ilisikika kutoka wodini hadi kwenye foleni ya dirisha la dawa. Inasimuliwa kwamba siku moja wanaume wawili waliokuwa wamesimama kando ya gari bovu nje ya lango waliisikia, wakaitii, na gari likawaka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye kucha zilizokatwa hadi mwisho. Na hata baada ya kustaafu aliendelea kunawa mikono hadi viwikoni kabla ya kumsalimu mgeni.

Gramafoni yake aliachiwa na daktari mmoja aliyehamishwa. Pamoja nayo lilikuja sanduku la santuri kubwa za mafunzo ya lugha ya kigeni, na katikati yake santuri ndogo, moja tu, iliyokuwa na ufa pembeni. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imechanika, hata jina la mwimbaji halikusomeka. Lugha ya kigeni Bibi Sukuma hakuihitaji. Akaiweka ile ndogo, akashusha sindano, na sebuleni akaingia mwanamume.

Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyopenda kueleza. Ilikuwa sauti nzito, yenye kokoto kidogo kooni, isiyokuwa na haraka na mtu. Aliimba kama aliyekwisha kula, akashiba, na sasa ananyoosha miguu. Bibi Sukuma hakuelewa neno hata moja, lakini alimpiga asubuhi alipokuwa akikunja nguo na jioni alipokuwa akichambua mchele, mpaka mke wa mwanawe, binti mcheshi aliyefanya kazi ya ukarani katika bohari la saruji, akaanza kumwita mtu huyo baba mkwe.

“Mama, bwana wako leo hajaamka?”

“Mwache apumzike. Jana alifanya kazi sana.”

“Na wewe ukampikia nini?”

“Yeye hali. Ndiyo sababu nampenda kuliko yule baba yenu.”

Bibi Sukuma alitufikia kwa njia ya picha. Mwezi Januari alikwenda studio kupigwa picha ndogo za kitambulisho cha pensheni, siku ya Jumapili, kwa kuwa mpiga picha alikuwa mwanachama wetu na tulikutana katika chumba chake cha nyuma, chenye mapazia mazito meusi yaliyotuliza sauti vizuri. Bibi Sukuma aliambiwa atazame kamera. Badala yake alitazama pazia, akalifunua, akatukuta tumefumba macho, saksafoni ikizungumza.

“Hodi. Nyinyi ni wagonjwa?”

“Sisi ni wasikilizaji, mama,” mwenyekiti alijibu bila kufumbua macho.

“Huyo anayepuliza ni jamaa wa bwana wangu. Mnaye anayeimba? Mnene wa sauti, mpole, anayechelewa chelewa?”

Tulimwuliza jina lake. Hakulijua. Tulimwomba alete santuri, akakataa katakata, kwa hofu kwamba ule ufa usingevumilia safari. Tukamwomba basi atuimbie. Akaweka mkono kifuani, akashusha sauti hadi mahali ambapo sauti ya mama mzima haitarajiwi kushuka, akanguruma. Fundi Redio, mwanachama wetu aliyetengeneza vyombo vya mtaa mzima, alisema kwa unyenyekevu kwamba aliwahi kusikia kitu kama hicho, lakini kilikuwa jenereta.

Kuanzia hapo alikuja kila Jumapili. Mwenyekiti, ambaye aliamini kwamba hakuna mwimbaji wa jazi asiyemjua, alichukua jambo hilo kama kesi isiyofungwa. Kila wiki alileta mwanamume mwingine kutoka kabatini mwake, na kila wiki Bibi Sukuma alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu.

“Siye. Huyu anataka tumpigie makofi.”

“Siye. Huyu ana mafua.”

Wanaume walipokwisha, mwenyekiti alileta wanawake, ili mgeni apanue masikio. Mmoja wao, aliyempenda kuliko wote, alimpiga kwa heshima ya pekee, amesimama. Bibi Sukuma alitikisa kichwa.

“Mwenyekiti, huyu dada anakimbilia wapi? Ana chungu jikoni?”

Mwenyekiti aliirudisha santuri kwenye bahasha yake polepole sana, kama mtu anayemfunika mtoto aliyetukanwa usingizini.

Hata hivyo jambo lilikuwa likitendeka, na mimi niliyekaa karibu naye niliona. Ili amtambue mtu wake, ilimbidi awasikilize na waliosimama pembeni yake. Wiki ya kwanza tarumbeta ilimfanya aulize nani kamuudhi mpulizaji. Kufikia mwezi Aprili aliweza kutofautisha wapiga tarumbeta watatu, na mmoja akawa anamwombea dua, kwa sababu, alisema, huyo ana huzuni lakini hasumbui watu nayo. Besi aliijua kwa tumbo. Mpiga ngoma aliyetumia vifagio vya waya alimwita Mfagiaji, akamdai kila Jumapili. Alimtafuta mmoja, akawafahamu wengi, na hakuwa na habari kwamba amewafahamu.

Tatizo lake lilikuwa mdomo. Katika chama chetu watu hawazungumzi wakati wa muziki, naye alikuwa amezoea kumtia moyo kila anayehangaika. Saksafoni ilipopanda, yeye alipanda nayo: “Haya, haya, karibu, usiache sasa!” Wanachama wawili walicheka. Mzee wetu mkubwa kuliko wote, mpima ardhi mstaafu ambaye hata waimbaji aliwahesabu kuwa kelele, alilalamika rasmi. Ndipo mwenyekiti alipotoa yale masharti.

Jioni ile, tulipokuwa tukirudisha mapazia, Bibi Sukuma aliniambia, “Mwalimu, mimi maisha yangu yote nimekwenda nilikoitwa, na kila nilikoitwa palikuwa na mtu analia. Hapa ni mahali pangu pa kwanza kuja bila kuitwa. Wakinifukuza nitakwenda, ahadi ni ahadi. Lakini wasinifukuze.”

Kwa hiyo ile Jumapili ya Juni hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa amevaa gauni lake la safari. Alinawa mikono, akaifuta santuri kwa kitambaa cha pamba, akaiweka, akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu vifaa kabla ya kazi.

“Mwenye kikohozi akohoe sasa.”

Jirani akakohoa. Sindano ikashuka.

Sauti ilikuwa kama alivyotuambia, nzito na nzuri kwa namna ya ajabu. Lakini nyuma yake mambo hayakuwa sawa. Piano ilitembea kama iliyovaa viatu vya mtu mwingine. Saksafoni ilipoingia, ililia kwa sauti ya ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Mpima ardhi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ameukunja uso.

“Mwanamume huyu simjui,” alisema wimbo ulipokwisha, “na mimi nawajua wote. Mama, nasema kwa masikitiko. Hii sijui ni nini. Pengine ni muziki wa mazishi. Jazi si—”

“Ngoja kwanza,” Fundi Redio alisema. Alikuwa ameinama juu ya gramafoni, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

“Fundi,” Bibi Sukuma alimwambia, “mbona umenyamaza kama mtu aliyepapasa akakuta mtoto katanguliza miguu?”

“Bibi, nisamehe. Swichi hii umewahi kuigusa?”

“Kwa nini niiguse? Chombo kinafanya kazi, nikichokonoe?”

“Hapa imewekwa mwendo wa zile santuri kubwa za daktari. Ndogo kama hii hutakiwa izunguke kwa kasi zaidi. Bwana wako tangu siku ya kwanza anaburutwa.”

Bibi Sukuma aliuweka mkono wake juu ya ule wa fundi. “Usiguse,” alisema. Kisha akauondoa mkono. “Haya. Gusa.”

Swichi ikalia tiki. Sindano ikarudishwa mwanzo. Na sebuleni akaingia mwanamke.

Wa kwanza kusema alikuwa mke wa mwanawe. “Mama! Kumbe baba mkwe ni shangazi!”

Tulicheka mpaka ngazi ikamwangusha jirani. Bibi Sukuma hakucheka. Wala mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amesimama, kidole juu, uso umewaka kama wa mtu aliyemwona ndugu yake stesheni.

“Huyu namjua! Huyu ninazo santuri zake nne! Mama, huyu ndiye niliyekupigia nikiwa nimesimama, ukaniuliza kama ana chungu jikoni!”

Alizunguka kiti chake mara moja, akajiweka sawa, akatangaza kwa sauti ya mahakama kwamba mwimbaji aliye kwenye santuri ya mama huyu ni wa jazi pasipo shaka, kwamba sharti limetimizwa, na kwamba kiti ni chake. Sidhani kama katika miaka yote ya utumishi aliwahi kusoma uamuzi uliomfurahisha kiasi hicho.

“Sikitaki,” Bibi Sukuma alisema.

“Mama?”

“Mimi niliapa kwa mwanamume. Mwanamume hayupo. Usinipe kiti kwa kosa la swichi, Mwenyekiti. Kesho utasema nilikikalia kwa ujanja. Nimeshindwa. Jumapili ni zenu.”

Akakaa. Mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona bila kazi, ilikuwa mapajani, viganja juu.

Mwenyekiti alijaribu kumwonyesha kwamba maneno ya sharti yalitaja mwimbaji, hayakutaja jinsia. Mpiga picha akasema kwamba picha ikitoka na giza, aliyepigwa ni yule yule. Bibi Sukuma aliwasikiliza wote kwa adabu, wala hakubadilika.

“Basi angalau msikilize huyu dada mpaka mwisho,” nilimwambia. “Amekaa kwako miaka yote hii na hujampa hata salamu.”

Hilo lilimgusa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumnyima mgeni salamu. Akamwashiria Fundi Redio. Wimbo ukaanza tena kwa mwendo wake halali, naye akainamisha kichwa, sikio moja mbele, kama alivyozoea kusikiliza kupitia tumbo la mzazi.

Mfagiaji akapita na vifagio vyake. Piano ikapita. Kisha, baada ya nafasi ambayo mtu mwingine angekwisha kuijaza, mwanamke akaingia.

“Amechelewa,” Bibi Sukuma alinong'ona.

Hakuna aliyemnyamazisha.

“Umesikia? Wenzake wamekwisha toka mlangoni, yeye bado anafunga kitambaa kichwani. Anawaambia tangulieni, njia naijua.” Alikwisha simama. “Ee! Tena amechelewa! Mwenyekiti, huyu ndiye! Huku kuchelewa ni kwake mwenyewe, swichi haikumpa!”

“Ndivyo nilivyokuwa nikikueleza tangu—”

“Hukueleza. Ile siku ulinipigia wimbo gani?”

Mwenyekiti alisita. “Ulikuwa wa kasi kidogo.”

“Kidogo! Mtu ukimkuta anakimbizwa na mbwa utamjuaje mwendo wake? Lete zote nne Jumapili ijayo, anza na za polepole.” Kisha akakumbuka jambo, akamtazama kwa uso wa mtu mnyofu. “Yaani, kama kiti bado kipo.”

“Kipo, mama.”

“Nakipokea. Na kwa kuwa sasa ni mwanachama, naleta ombi. Nataka kumuaga mzee wangu. Mara moja tu, kwa mwendo wake yule wa zamani.”

Mpima ardhi alisema kwamba kumvumilia mwimbaji ni jambo moja, na kumsikiliza mwimbaji aliyeharibiwa kwa makusudi ni jambo jingine, akachukua kofia yake. Jirani naye alikumbuka shughuli. Mwenyekiti alieleza kwa kirefu kwa nini kitendo hicho ni kosa dhidi ya wanamuziki wote waliohusika, walio hai na waliofariki. Alipomaliza alitazama mlango, akatazama kiti chake, akakaa.

Fundi Redio akarudisha swichi. Yule mwanamume akaingia kwa mara ya mwisho, akanyoosha miguu, akaimba. Katika ubeti wa pili niliona kiatu cha mwenyekiti kikipiga sakafu, na kilipogundua kwamba nakitazama kilijificha chini ya kiti na kuendelea huko huko. Ng'ombe alipolia, Bibi Sukuma alisema, “Haya, mzee, kwa heri, umefanya kazi,” na mke wa mwanawe akajipangusa macho, ingawa aliapa kwamba ni kicheko.

Walioondoka kabla ya mwisho wa wimbo walikuwa wawili: mpima ardhi na jirani. Waliobaki walikuwa wanane: mke wa mwanawe, na wanachama saba, Bibi Sukuma akiwa mmoja wao.